Tovuti Iliyofungwa Kila Jioni

Nyinyi mnaotengeneza kurasa za intaneti siku hizi mna swali moja mnaloniuliza kila mnaponikuta nimekaa nyuma ya karakana: kazi yangu ya kwanza ya intaneti ilikuwa ipi? Huwa nawajibu kwa kifupi, kwa sababu mtu akiwa na simu mkononi husikiliza nusu. Leo naandika, ili msinikatize.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa tovuti iliyofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Niliifungua na kuifunga mimi mwenyewe, kwa mkono, kwa miezi mingi. Sikuwa mgonjwa, na pombe sinywi.

Mimi si mtu wa shule. Nilianza kwa kuandika vibao vya maduka hapa Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, chini ya fundi aliyeitwa Sefu. Sefu hakunifundisha kuchora herufi. Alinifundisha kutazama pengo lililo kati ya herufi na herufi. "Herufi itajitunza," aliniambia. "We tunza kwenye hakuna kitu." Kila ninapoona ukurasa wenu uliojazwa picha hadi pembeni namkumbuka, naye angewafukuza kazi wote kabla ya chakula cha mchana.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutumia kilichopo. Nchi jirani zilipotuwekea vikwazo na mipaka ikafungwa, rangi zilipotea sokoni. Nilibaki na debe moja la kijani. Mwaka ule niliandika duka la dawa kwa kijani, baa kwa kijani, mchinjaji nyama kwa kijani, na mtengeneza majeneza naye kijani. Wateja walilalamika wiki ya kwanza. Wiki ya tatu mwenye saluni alikuja kuniuliza kwa nini yeye peke yake kibao chake ni chekundu, je, nimemdharau? Ndiyo siku niliyojua kwamba mteja haoni rangi. Anaona jirani yake.

Kompyuta nilijifundisha kwa kitabu kimoja cha Kifaransa nilichokiokota kwenye vitu vya mzungu aliyekuwa anahama mtaa wa Kibenga kwa haraka. Nilikisoma mara nne, nikinakili kila zoezi kwenye daftari, kwa sababu kompyuta yenyewe sikuwa nayo. Niliandika kurasa zangu za kwanza kwa kalamu. Nilipokaa mbele ya kompyuta ya kweli mara ya kwanza, nilinakili daftari kwa kidole kimoja, na ukurasa ukatokea bila kosa. Mwenye kompyuta aliogopa kidogo.

Basi, mteja wangu wa kwanza wa intaneti alikuwa Mzee Ramadhani, fundi wa magari. Kabla ya vita alikuwa na garaji katika mtaa wa Kamenge, na kibao chake, Garage Polepole, nilikiandika mimi. Vita vilipofika Kamenge alipoteza garaji, na siku hiyo hiyo akapotezana na mwanawe Issa, kijana wa miaka kumi na saba. Wengine walisema Issa alionekana akivuka mpaka kwenda Uvira, Kongo. Wengine walisema yuko kambini Tanzania, wengine Zambia. Mzee alihamia Buyenzi kwa dada yake, akafungua garaji nyingine uani, na kwa miaka sita hakupata habari yoyote.

Siku moja aliingia kwangu akiwa bado na mafuta ya gari mikononi.

"Deo, nasikia iko kibao mutu anaweza kukiona hata akiwa Zambia."

"Inaitwa site, mzee."

"Jina si kitu. Kinaonekana?"

"Kinaonekana."

"Mwenye kukiangalia anaombwa pasipoti?"

"Apana."

"Basi nitengenezee. Andika Garage Polepole, vile vile uliandika kule Kamenge. Issa alijifunza kusoma kwa kile kibao. Akikiona atajua ni mi."

Nyinyi mnapenda kujadili msomaji wa ukurasa ni nani, mna hata semina za jambo hilo. Mimi nilikuwa na msomaji mmoja tu duniani, na sikujua yuko nchi gani.

Niliuandika ukurasa kwa kijani, herufi zile zile. Nikaweka kitabu cha wageni ndani, namba ya simu ya jirani mwenye simu, na mashine ndogo ya bure iliyohesabu wageni na kuonyesha saa ya kila mmoja. Mzee alipokuja kuukagua alitazama kwa muda mrefu, mikono mgongoni, kama anayekagua gari la mtu mwingine.

"Ni muzuri. Kinafungwa saa ngapi?"

"Hakifungwi, mzee."

"Usiku nani anabaki nacho?"

"Hakuna mutu."

Alinitazama kwa huruma. "Mulango wazi, usiku, hakuna mutu, na hii couvre-feu. Deo, we uko muzima?"

Nilimweleza kwamba ndani hamna cha kuiba. Alisema hata Kamenge hakukuwa na cha kuiba. Wote tuliijua habari ile. Jioni ya siku aliyompoteza Issa mtu aligonga lango la garaji, akataja jina la jirani, na mzee akafungua. Walioingia hawakuwa jirani. Tangu hapo hakuna lango la Mzee Ramadhani lililofunguliwa baada ya giza, la chuma wala la intaneti.

Nakiri pia kwamba sikukubali kwa huruma tu. Niliona hoja yake ni sawa. Tulikuwa tumeishi miaka mingi chini ya couvre-feu, amri ya kutotoka nje usiku, na kila kitu katika mji huu kilikuwa na saa ya kufunga. Arusi zilianza mchana kweupe ili wageni wafike nyumbani mapema. Walevi walianza kunywa saa nne asubuhi ili wamalize kwa wakati, na walikuwa watu wa kutegemewa kabisa katika jambo hilo. Kwa nini ukurasa wa intaneti uwe na uhuru ambao hata wagonjwa hawakuwa nao?

Utaratibu ulikuwa huu. Nilikuwa na disketi mbili, moja nimeiandika WAZI, nyingine FUNGA. Kila asubuhi nilikwenda mjini kwenye chumba cha intaneti cha Goretti, mwanamke mwenye ulimi mkali aliyekuwa na kompyuta nne na feni moja, nikapandisha ukurasa wa WAZI. Kila jioni nilirudi nikapandisha FUNGA juu yake. Saa kumi na moja na nusu, kwa sababu saa kumi na mbili Goretti naye alifunga ili awahi kurudi kwake Mutanga Sud.

"Fundi Deo, umekuya kufunga duka?" aliniuliza kila jioni mbele ya watu. "Na kufuli umeleta? Usisahau kumuachia mulinzi chai."

Katika wiki ya pili laini ilikatika jioni, na tovuti ikabaki wazi usiku kucha. Nilikwenda kumwambia mzee, kwa kuwa kazi ni kazi. Asubuhi nilimkuta kwenye kiti mbele ya garaji, macho mekundu.

"Nililinda upande huu," alisema. "Ule mwingine sikujua uko wapi."

Hapa nataka mnisikilize kama mafundi. Ukurasa wa FUNGA niliutengeneza kwa uangalifu zaidi kuliko ule wa WAZI. Nilichora lango la chuma la kijani, bawaba zake, na juu yake jina la garaji kwa herufi za Kamenge. Ile mashine ya kuhesabu wageni niliiweka hapo pia, na chini niliandika: Tumefunga. Rudi kesho saa mbili asubuhi. Siku hizi mnapamba ukurasa wa mbele kama bibi arusi, na mtu akikosea njia mnampa ukurasa mweupe wenye namba ya kosa, kama barua ya kufukuzwa kazi. Aliyekuta pamefungwa ametembea umbali ule ule na aliyekuta pako wazi. Mpeni kitu cha kutazama.

Mwezi wa tatu ile mashine ya kuhesabu wageni ilionyesha kitu kipya. Mtu alikuwa amefika langoni saa sita na dakika kumi usiku. Kesho yake, saa sita na dakika tano. Siku iliyofuata, saa sita na robo. Niliweka daftari, nikapiga mistari, nikaandika kila usiku kwa wiki tatu. Alikuja kila siku isipokuwa usiku wa Jumapili.

Nilimpelekea mzee daftari. Aliuma mdomo.

"Saa sita ya usiku? Katikati ya couvre-feu?"

"Ndiyo, mzee."

"Mutu mwema anatembea saa hiyo?"

"Apana."

"Na Jumapili anapumuzika."

"Anapumuzika."

"Basi ni mukristo," alisema, akinitazama kama kwamba sisi Wakristo wote tunajuana. "Pandisha ukuta."

Nilipandisha ukuta. Msicheke, au chekeni tu, lakini jueni ya kwamba nilichora matofali mia tatu na kumi na mbili, kila moja na kivuli chake. Wiki iliyofuata yule mtu akawa bado anakuja, basi mzee akataka chupa zilizopasuliwa juu ya ukuta. Kisha senyenge. Ndipo tukafika kwenye mbwa, na hapo mashauriano yalichukua asubuhi nzima.

"Mbwa apana," alisema mzee. "Penye mbwa malaika hawaingii."

"Mzee, ni mbwa ya picha."

"Picha ndiyo mbaya zaidi."

Tuliafikiana maandishi peke yake: Mbwa Mkali. Mzee aliona kwamba malaika wanajua kusoma na wataelewa.

Ukuta ule ulinifundisha somo la uzito wa picha, ambalo nyinyi hamjui kwa sababu kwenu kila kitu hufika mara moja. Kwa laini ya Goretti ulichukua dakika sita kushuka, mstari kwa mstari, kutoka juu. Zilianza chupa, zikafuata senyenge, halafu matofali, safu moja moja, na lango mwisho kabisa. Goretti alisema ni mara ya kwanza anaona nyumba inajengwa kuanzia juu. Mimi nilidhani mwizi atachoka kungoja. Daftari lilionyesha kwamba hakuchoka. Alikuwa anangoja mpaka lango litokee, anabaki dakika kadhaa, kisha anaupakia ukurasa upya na kuutazama tena.

Mzee alianza kukonda. Aliacha kufanya kazi kwenye magari yaliyoegeshwa karibu na lango lake la kweli. Mwisho alikuja kwangu Jumatano, safari hii amenawa mikono, jambo lililonitia hofu.

"Deo, tukitoe."

"Kibao?"

"Kibao, lango, ukuta, vyote. Ijumaa nikitoka kuswali, kiwe hakiko tena."

"Na Issa, mzee?"

"Hawa wa saa sita ya usiku wameshatujua tuko wapi. Kama Issa hajatuona mpaka leo, afadhali asituone tena, kuliko akikuya akute kile walitufanyia Kamenge."

Kilikuwa kibao chake na alikuwa mwanawe.

Alhamisi nilikwenda kwa Goretti mapema, saa kumi, ili nihifadhi nakala kabla ya kufuta. Goretti alikuwa akiandikiana na dada yake aliyehamia Kanada, akicheka peke yake.

"Sikia huyu muvivu," alisema. "Ati ndiyo anakunywa chai ya asubuhi."

"Saa kumi ya jioni?"

"Kwao ni saa tatu ya asubuhi, Fundi. We unafikiri jua ni la Buyenzi peke yake?"

Wote waliokuwemo walicheka. Mimi nilichukua kalamu. Kutoka kumi kwenda tatu ni saa saba. Nilitoa saa saba kwenye saa sita ya usiku, nikiandika juu ya karatasi ya disketi ya FUNGA. Ilikuja saa kumi na moja jioni. Saa ambayo mtu anatoka kazini.

Nimejifundisha mambo mengi peke yangu, na naweza kuwaambia kosa la mtu aliyejifundisha peke yake liko wapi. Anajua kila kilichoandikwa kitabuni, na hajui kile ambacho mwandishi wa kitabu aliona ni upuuzi kukieleza. Kwamba dunia ni mviringo nilijua. Lakini baada ya miaka ya couvre-feu usiku wetu ulikuwa umekuwa usiku wa watu wote. Mimi, mzee, hata Goretti aliyeongea na dada yake kila siku na kutania kufuli langu kila jioni, hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kusimama langoni kwetu usiku wa manane huku kwake jua linawaka.

Nilikwenda garaji kwa miguu, haraka, nikamweleza mzee. Alikuwa chini ya gari. Alitoka taratibu.

"Sema tena. Saa sita ya usiku ya hapa, kuna kwenye ni jioni?"

Nilimwonyesha kwa gurudumu lililokuwa limelala pale. Niliweka nati moja upande huu, nyingine upande ule, nikalizungusha mbele ya taa. Fundi wa magari anaelewa kitu kinachozunguka kuliko profesa. Alilizungusha mwenyewe mara tatu.

"Kwa hiyo huyu mutu hatembei usiku."

"Anatembea muchana, mzee. Muchana wake."

"Na Jumapili?"

"Pengine kwenye anasomea intaneti panafungwa Jumapili."

"Kwao pia wanafunga?"

"Wanafunga."

Alitikisa kichwa. Nadhani ndipo alipoanza kuiheshimu nchi ile, kabla hajajua jina lake.

"Mzee," nikasema, "tuache wazi usiku mumoja."

"Apana."

"Na kama ni yeye?"

"Na kama si yeye? Kamenge pia aliyegonga alikuwa na jina la mutu namujua."

Alipangusa nati kwa kitambaa, zote mbili, ingawa zilikuwa safi. Nilingoja. Katika kazi yetu mteja akinyamaza, msiongee. Mbunifu mwenye kuongea wakati mteja anafikiri hujikuta amechora mbwa.

"Toboa kidirisha," alisema mwisho. "Kidogo, pale kwa lango. Asiingie. Aongee tu kutoka inje. Na usimuulize jina, jina kila mutu anaweza kulisema. Muulize: ile asubuhi ya Kamenge, nilikutuma nini?"

Sikuwa nimewahi kusikia kwamba alimtuma popote. Hakuwahi kumwambia mtu. Miaka sita watu walimpa pole kwa kijana aliyepotea, na yeye alikuwa amebeba moyoni kwamba ni yeye aliyemtoa nyumbani asubuhi ile.

Alhamisi hiyo jioni nilirudi kwa Goretti, nikakiondoa kitabu cha wageni ndani, nikakileta langoni. Nilipunguza matofali hadi arobaini ili ukurasa ushuke haraka, nikafuta chupa na senyenge, na mbwa nikamwondoa bila kuomba ruhusa. Nilichora kidirisha chenye nafasi ya kuandikia, na juu yake swali la mzee, kama alivyolisema. Goretti alisoma juu ya bega langu. Hakutania. Alikaa mpaka nilipomaliza, na siku hiyo alifunga amechelewa robo saa.

Siku hizi mnaniambia kwamba intaneti hailali, na mnasema hivyo kwa fahari. Naona usiku watu wakitukanana humo saa tisa, wote wakiwa na macho mekundu kama Mzee Ramadhani kwenye kiti chake, na hakuna hata mmoja anayejua analinda upande gani. Sisemi mfunge. Nasema mnapotengeneza mlango, mjue nani anaogopa ndani na nani amesimama nje, na mtafute tundu la kuwatosha wote wawili.

Ijumaa asubuhi mzee alikuwa mlangoni kwa Goretti kabla yangu, amevaa kanzu ya msikitini. Alikataa kiti. Kitabu cha wageni kilikuwa na mgeni mmoja, wa saa sita na dakika nane. Nilitaka kumsomea, akanishika mkono, akasoma mwenyewe, kidole juu ya kioo, neno kwa neno:

"Baba, ni mi. Niko Kanada. Nilitafuta jina la garage nikaona lango. Kila siku nikitoka kazini napita kwa maktaba, nakuta mumefunga. Mumeandika nirudi saa mbili asubuhi, lakini saa hiyo niko kazini. Nimeona ukuta unapanda, nikasema basi ni yeye, yuko muzima, ameogopa. Ile asubuhi ulinituma bujia ine. Nilipata tatu."

Bujia, kwa nyinyi msiojua magari, ni plagi zinazowasha injini, na gari hutaka nne. Mzee alirudia sentensi ya mwisho kwa sauti ndogo. Goretti alizima feni, sijui kwa nini. Kidole cha mzee kilikuwa kimeacha alama ya mafuta kwenye kioo, hata baada ya kunawa.

"Andika," aliniambia.

Nilikaa.

"Andika: na tatu gari inatembea. Inatetemeka, lakini inatembea. Halafu andika: kuya."